Ukuta Usio na Anwani

Ilikuwapo nchi, na wala haijaondoka, iitwayo Jamhuri ya Shwari. Kwenye ramani hutaiona. Lakini ukichungulia vizuri dirishani kwako, huenda ukaona ncha yake.

Watu wa Shwari walikuwa watu wema. Serikali yao nayo ilikuwa njema, maana iliwaambia hivyo kila asubuhi redioni, kabla ya taarifa ya hali ya hewa. Hali ya hewa ilipingwa mara kwa mara. Serikali haikupingwa hata mara moja.

Mwaka huo Waziri wa Mawasiliano na Utulivu, Mheshimiwa Shomvi Mapande, alirudi kutoka safari ya kikazi na kisanduku cheusi, upana wake kama sinia la chai. Alikiweka mezani mbele ya Baraza la Mawaziri, akakifunika bendera, kisha akakifunua.

"Waheshimiwa, huu ni ukuta wa moto."

Waziri wa Zimamoto akasogeza kiti chake nyuma.

"Usiogope, ndugu yangu, hauna moto. Ni ukuta wa kuchuja maneno. Waya wetu unaokwenda nchi za nje tunaukata katikati. Upande wa ndani tunauchomeka hapa, upande wa nje tunauchomeka hapa. Kila ujumbe utapita tumboni mwake. Utafunguliwa, utasomwa, utafungwa. Ulio mzuri utaendelea na safari. Ulio mbaya..." Akapuliza kiganja chake kama mtu anayepuliza unga.

"Na wananchi hawatajua?" aliuliza Makamu wa Rais.

"Hapo ndipo penye utamu, Mheshimiwa! Kuta za wenzetu zina anwani. Ujumbe ukipita, mwenyewe anaona umepita kwa fulani. Huu wetu hauna anwani. Haubadilishi jina la mtumaji wala la mtumiwa. Unakaa kimya, unatazama nani anatokea upande gani, unakariri. Ujumbe unapita ukidhani umepita kwenye waya mtupu. Ni ukuta angavu. Upo, lakini haupo."

Baraza zima likasimama kupiga makofi. Upo lakini haupo! Hivyo ndivyo wao wenyewe walivyofanya kazi miaka yote, ila hawakujua kwamba kuna mashine yake.

Uzinduzi ulifanyika uwanjani. Utepe mwekundu ulifungwa kwenye nguzo mbili, na nyuma ya utepe hapakuwa na kitu. Waziri akaukata kwa mkasi wa dhahabu.

"Ndugu wananchi! Leo tumezindua kitu ambacho hamkioni. Kama kuna anayekiona, anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha.

"Mmeona? Mradi umekamilika."

*

Waziri aliupenda sana ukuta wake, na kila alivyoupenda ndivyo alivyotaka usionekane zaidi. Ofisi iliyoutunza ilivuliwa kibao. Mlango wake ulipakwa rangi moja na ukuta wa jengo, hata wafanyakazi wake arobaini wakawa wanapapasa kila asubuhi kutafuta pa kuingilia. Kwenye orodha ya ofisi za wizara, baada ya namba kumi na moja ilifuata namba kumi na tatu.

Mwishowe mhandisi wa ofisi hiyo, msichana mmoja aitwaye Penina, alimweleza kwamba kisanduku kimebaki na anwani moja ndogo.

"Anwani?" Waziri alishtuka. "Si tulisema hakina?"

"Kwa wapita njia hakina, Mheshimiwa. Hii ni ya fundi tu. Nikitaka kubadili kanuni, naingilia hapo."

"Ifute."

"Nikiifuta, hakuna atakayeweza kuingia kurekebisha kosa."

"Kwani kuna kosa?"

Swali hilo lilikuwa halijawahi kujibiwa "ndiyo" katika historia ya Shwari, na Penina alikuwa na miezi mitatu tu kazini. Akaifuta. Kisha wakaja mafundi wa ujenzi, wakakizungushia kisanduku matofali, wakapiga plasta, wakaacha nyaya mbili tu zikichungulia. Tangu siku hiyo kazi ya wafanyakazi arobaini ikawa kukaa kando ya plasta na kusikiliza kama bado kinavuma.

Kilikuwa kinavuma vizuri.

*

Chai ya ofisi hiyo ilipikwa na Bi Kidawa, mama wa miaka sitini na kidogo, mwenye mwendo wa pole na jicho la kumjua nani leo ametoka kwake bila kula. Mtu wa namna hiyo alimwekea kitumbua cha ziada chini ya kisosi, asije akaona haya mbele ya wenzake. Kila saa nne asubuhi aliugonga ule mlango uliofichwa.

"Hapa hakuna mtu!" mlinzi alijibu kutoka ndani, kama kanuni ilivyotaka.

"Najua, baba. Nimewaletea chai."

"Nimesema hakuna mtu!"

"Basi wasiokuwepo wanywe upesi, inapoa. Na leo kuna vitumbua."

Mlango ulifunguka.

Bi Kidawa alikuwa na mtoto mmoja tu, Tunu, muuguzi, aliyeolewa akahamia na mumewe nchi moja ya baridi. Kila Ijumaa Tunu alituma ujumbe: "Shikamoo mama." Bi Kidawa alijibu "Marahaba mwanangu," na hapo ndipo habari zilipofunguka: baridi, kazi, mume, na mwishowe habari ya mimba. Mimba ilipotimiza miezi mitano na nusu, Ijumaa moja ikapita bila shikamoo. Ikapita ya pili. Sasa zilikuwa zimepita kumi na nne. Bi Kidawa alihesabu miezi kwenye vidole, akafika kwenye kidole cha tisa, akarudia tena mwanzo, kama kwamba vidole vilikuwa vimemdanganya.

Msomaji asiyetoka Shwari atauliza: kwa nini hakumtafuta yeye? Ah. Huko Shwari mdogo ndiye anayeanza. Mtoto humwamkia mzazi, mzazi huitikia, ndipo maneno hufuata. Na wazee wao waliamini kwamba mzazi akitangulia kutamka neno la kwanza, baraka hugeuka njia. Humtoka mtoto, humrudia mzazi. Kwa mtoto mwenye mimba ndiyo hatari kabisa. Kwa hiyo Bi Kidawa alikaa na simu yake kwenye fundo la kanga, akaugulia ndani kwa ndani. Si kwa kiburi. Alikuwa akizilinda baraka za Tunu.

Tena kulikuwa na jambo la jina. Kwao, mjukuu wa kwanza hupewa jina na mama yake mama, kabla siku ya saba haijaisha. Asiposema kitu, upande wa baba huchagua. Na mtoto wa namna hiyo, walisema, huitwa jina lake lakini hageuki.

Bi Kidawa hakujua kama Tunu alikuwa mzima. Hakujua kama mtoto alikuwa amezaliwa. Alijua tu kwamba kama amezaliwa, siku saba zinakwenda.

*

Hakuwa peke yake. Vijana wengi wa Shwari walikuwa nje wakifanya kazi, na wazee wao walikuwa ndani wakingoja, na nchi nzima simu zilikuwa kimya. Wafanyabiashara ndio tu hawakugundua kitu, maana mnunuzi ndiye anayeuliza bei kwanza, na waliokuwa wakinunua walikuwa ndani.

Serikali ililiona tatizo, ikalichukulia hatua. Waziri wa Maadili alitoa hotuba ya saa tatu juu ya watoto waliokwenda nje wakasahau titi walilonyonya. Kikachapishwa kitabu kiitwacho Mwongozo wa Kuwakana. Mzee mmoja jirani yake Bi Kidawa aliitoa sebuleni picha ya mwanawe mwenye joho la chuo kikuu, akatundika picha ya mbuzi wake.

"Huyu walau akiniona anaita," alieleza.

"Mwanao ni mtoto mzuri," Bi Kidawa alimwambia. "Huenda amezidiwa na kazi."

"Na wako je?"

Bi Kidawa akamsifia mbuzi.

Ikafika sikukuu ya kuzaliwa ya Mtukufu Rais. Kwa kuwa alikuwa mzee kuliko marais wote wa jirani, alivaa suti, akaketi tangu asubuhi karibu na mashine ya kupokelea salamu, akangoja. Marais tisa walimwandikia. Salamu tisa zilifika kwenye kisanduku, zikafunguliwa, zikasomwa, zikapulizwa kama unga. Jioni Rais alivua koti, akafunga ofisi tisa za ubalozi. Shwari ikabaki haina rafiki, na utulivu ukaongezeka maradufu, kama Wizara ilivyoahidi.

*

Jumatano moja Bi Kidawa alitia sukari kwenye birika mara tatu, akaanza kutia mara ya nne. Penina aliuona mkono wake, akauzuia taratibu. Msichana huyu alikuwa na tabia moja nzuri: hata akiwa na haraka ya namna gani, hakumpita Bi Kidawa bila kusimama kumwamkia.

"Mama, kaa kidogo. Miguu yako imevimba."

Akamvutia kiti chake mwenyewe. Yeye akaketi juu ya ndoo. Bi Kidawa alitazama ukuta uliopigwa plasta.

"Hiki kidude chenu, mwanangu, hasa kinafanya nini?"

Kazi ilikuwa ya siri. Lakini huwezi kumficha siri mtu anayejua unakunywa chai na sukari ngapi. Penina akachukua sinia, akaliweka katikati yao. Huku akapanga vikombe, huku akapanga visosi.

"Vikombe ni sisi wa ndani. Visosi ni wa nje. Sinia ndilo kisanduku. Kina daftari kichwani. Kikombe hiki kikituma neno kwa kisosi kile, sinia linaandika: kikombe ameanza na kisosi. Jibu la kisosi likija, linatazama daftari, linaona neno hili lina mwenyewe, linalipitisha. Wakinyamaza muda mrefu linaufuta ule mstari."

"Na kisosi akianza yeye?"

"Waziri alisema hatari zote hutoka nje. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: aliye ndani akianza, wa nje ajibu. Aliye nje akianza..."

"Anarudishiwa barua yake?"

"Harudishiwi, mama. Inatupwa."

"Anaambiwa kwamba imetupwa?"

"Akiambiwa atajua kuna ukuta."

Bi Kidawa alikuwa na elimu ya darasa la saba, lakini alikuwa ameishi na watu. Alichukua kisosi kimoja kidogo, akakishika mkononi kama anayekipasha joto.

"Mwanangu yuko nje," alisema. "Akitaka kuniamkia, nani anayeanza?"

Penina alifungua mdomo. Kanuni ile aliiandika yeye, kwa nusu saa, akapewa cheti.

"Ni yeye," alisema polepole.

"Na hapa kwetu, tangu lini mtoto akangoja mzazi aanze?"

Nyuma ya plasta kisanduku kiliendelea kuvuma.

"Mama," Penina alisema, machozi yakimlengalenga, "nimetupa shikamoo za nchi nzima."

"Usilie. Hukujua."

"Nilipaswa kujua! Mimi mwenyewe si nimelelewa hapa?"

"Basi ukishajua, inuka tukamwambie mkubwa wako. Kunywa kwanza hiyo chai. Mtu haendi kwa Waziri na tumbo tupu."

*

Waziri Mapande aliwapokea vizuri. Mama yake alikuwa amemlea kwa adabu, na ile adabu ilikuwa imemdumu mpaka mlango wa wizara, na kidogo ikavuka.

"Shikamoo mama," alimwambia Bi Kidawa. "Chai yako ni nzuri. Tatizo ni nini?"

Penina alieleza yote. Waziri alisikiliza huku akitikisa kichwa kwa huruma.

"Nimekuelewa sana. Sasa hebu niambie, ni ukuta upi huo?"

"Huu uliouzindua, Mheshimiwa. Ulioukatia utepe."

"Utepe niliukata. Nyuma ya utepe uliona nini?"

"Sikuona kitu."

"Umeona?" Waziri aliinua mikono. "Nitarekebishaje kitu ambacho hujakiona? Wananchi watauliza, mbona kimerekebishwa kumbe kipo?"

"Tuvunje plasta tu, Mheshimiwa. Kipande kidogo, kiasi cha mkono kupita. Nifute kanuni moja."

"Vumbi la plasta linaonekana, mhandisi."

"Basi tupokee malalamiko ya wazazi."

"Tunayo fomu ya malalamiko juu ya vitu visivyokuwepo. Fomu yenyewe haijachapishwa, ili iende sambamba." Akamgeukia Bi Kidawa kwa sauti ya upole. "Mama yangu, mimi nakuheshimu. Lakini hebu tuseme ukweli. Huenda huyo binti yako hana adabu tu. Vijana wa siku hizi, ah!"

Bi Kidawa aliivuta kanga yake vizuri mabegani.

"Mwanangu ana adabu, Mheshimiwa," alisema. "Na hiyo adabu ndiyo iliyomponza. Angekuwa hana, nisingeumia."

Waziri akaitisha kikao.

*

Alhamisi mchana, baada ya kazi, Penina alimfuata Bi Kidawa hadi kwake. Walikaa kibarazani, simu ikiwa juu ya kigoda kati yao.

"Mama, iko njia moja. Ukianza wewe, daftari litaandika. Jibu lake litapita bila shida. Ni neno moja tu."

"Neno moja," Bi Kidawa alisema. "Halafu likamtoa baraka mtoto mwenye mimba? Au mzazi anayenyonyesha, kama yuko hai? Wewe hujazaa, mwanangu. Bora nife na hamu kuliko nimwibie mwanangu baraka zake."

"Sasa utafanyaje?"

"Nafikiri."

Alifikiri muda mrefu. Alipepeta kunde zake. Akazirudisha kwenye ungo, akazipepeta tena, ingawa zilikuwa safi. Ghafla akaweka ungo chini.

"Penina. Baraka hutoka kwa nani kwenda kwa nani?"

"Kwa mkubwa kwenda kwa mdogo."

"Na mdogo unamjuaje?"

"Ni yule anayeanza kuamkia."

"Basi kama mimi ndiye nitakayeanza, leo mimi ni mdogo." Macho yake yalikuwa yanacheka peke yake. "Tunu ndiye mkubwa. Sitamwambia hujambo, kama mkubwa aliyepotea njia. Nitamwamkia barabara, kama mtoto. Baraka hazitageuka popote. Zitamkuta alipo, amekaa kwenye kiti changu."

Penina alishika mdomo. "Mama! Umwambie mwanao..."

"Nipe hiyo simu."

Aliandika kwa kidole gumba kimoja, herufi kwa herufi, ulimi ukiwa umetoka pembeni kidogo:

"Shikamoo Tunu."

Ujumbe ukaondoka. Kule nyuma ya plasta, kisanduku kiliufungua, kikausoma, kikaandika daftarini kwamba Kidawa wa ndani ameanza na Tunu wa nje, kikaufunga, kikaupitisha. Hakikuona ajabu yoyote. Chenyewe hakikujua nani kamzaa nani.

Walingoja. Kuku akapita. Penina alifumba macho. Bi Kidawa alizitazama kunde, lakini hakuwa akiziona.

Simu ikalia.

"MAMA??? Nani amekufa?"

Kabla Bi Kidawa hajaishika vizuri, ikalia tena.

"Mama nimekukosea nini mpaka unipe shikamoo? Niue tu mama."

Bi Kidawa aliivuta simu karibu. Akaandika: "Hajafa mtu. Itikia kwanza."

"Siwezi mama."

"Itikia mwanangu. Leo mimi ndiye mdogo. Usipoitikia tutakuwa tumeharibu."

Kikapita kitambo. Bi Kidawa alimwona binti yake kana kwamba alikuwa mbele yake, anazungukazunguka chumbani, mkono kichwani.

"Marahaba," ikaja. Halafu, baada ya pumzi moja: "Marahaba mwanangu."

Bi Kidawa alijifunika kanga usoni, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Penina hakujua kama ni kicheko tupu, kwa hiyo akampigapiga mgongoni, ambayo ni dawa ya vyote viwili.

Kisha maneno ya Tunu yakamiminika, moja juu ya jingine, na yote yalipita kwa kuwa yalikuwa na mstari wao daftarini. Alimwamkia mama yake kila siku, si Ijumaa tu, kila siku. Aliona kimya. Alidhani ametolewa moyoni. Alijifungua Jumamosi, mtoto wa kike, kilo tatu, wote wazima. Kesho ni siku ya saba. Wifi yake amesema kwa kuwa bibi wa mtoto amekataa kusema neno, basi mtoto aitwe Sinabibi.

Bi Kidawa aliisoma mara mbili hiyo sehemu ya mwisho. Kicheko kikamwisha.

"Zile shikamoo zake," alimuuliza Penina, "zilizotupwa. Ziko mahali tukaziokote?"

"Hapana, mama. Kikitupa kimetupa."

"Basi atanisimulia upya. Siku zote tisini na nane, moja moja. Lakini kwanza mtoto." Akaandika: "Sasa niamkie wewe. Jina hutolewa na mkubwa, nirudishie kiti changu."

"Shikamoo mama."

Ilikuwa shikamoo ya kwanza ya mtoto kuingia Shwari baada ya wiki kumi na nne. Kisanduku kilitazama daftari lake, kikaona ni mazungumzo yanayoendelea, kikaipitisha.

"Marahaba mwanangu. Mungu akukuzie. Mtoto aitwe Bimkubwa."

"Bimkubwa? Mama, ana kilo tatu!"

"Ndiyo huyo huyo. Kila asubuhi nitaanza mimi kumwamkia, na hakuna wa kunicheka. Nitakuwa namwamkia mkubwa wangu."

*

Habari haikai kibarazani. Mzee wa mbuzi alikuja kuomba chumvi, akaondoka na siri, akasahau chumvi. Kufika Jumapili mtaa mzima ulikuwa unawaamkia wanawe. Kufika mwisho wa mwezi, nchi nzima. Wazee wenye ndevu nyeupe walisimama wima mbele ya simu, mikono nyuma, wakisema "Shikamoo, Rajabu," na huko nje akina Rajabu wakadondosha vikombe. Kwa kuwa mazungumzo yakilala muda mrefu daftari hufuta mstari, wazazi hawakuyaacha yalale. Mchana kutwa waliuliza "Upo?" na watoto wakajibu "Nipo." Watu wa Shwari walikuwa hawajawahi kuzungumza na watoto wao kiasi hicho.

Msajili wa vizazi alilalamika kwamba watoto wachanga wote wa nje wanaandikishwa Bimkubwa, na wa kiume Mzee, na mmoja aliandikishwa Babu Mtu Mzima.

Waziri Mapande alisimama bungeni kifua mbele.

"Waheshimiwa, salamu za wananchi zimeongezeka mara hamsini tangu tulipozindua kile ambacho hakipo! Nani anasema hakifanyi kazi?"

Alipewa nishani. Aliivaa upande wa ndani wa koti.

Mtukufu Rais alipoisikia sifa hiyo, alitaka kuuona ukuta kwa macho yake. Alikuja bila kutangazwa, saa nne asubuhi. Wafanyakazi arobaini, kwa kuwa ofisi yao haikuwepo, walijibanza nyuma ya makabati, chini ya meza, na mlinzi ndani ya ndoo ya takataka. Rais alipapasa, akaupata mlango, akaingia. Hakumkuta mtu ila mama mmoja na birika, ameinamia simu, akimchekea mtoto mchanga aliyeonekana humo.

"Shikamoo, Mtukufu," Bi Kidawa alisema, akainuka nusu.

"Marahaba. Huyo unayemchekea humo ni nani?"

"Mjukuu wangu, Mtukufu. Anaitwa Bimkubwa."

Rais alikunja uso. Neno "mkubwa" alilizoea likiwa lake. "Mkubwa kuliko nani?"

Bi Kidawa aliigeuza simu, ili mtoto na Rais waonane vizuri.

"Kuliko wote tulioko kwenye simu hii, baba."

Mtoto alimtazama Rais. Alikuwa na miezi miwili, na jicho lisilojua bendera. Rais naye alimtazama mtoto. Ilikuwa miaka arobaini tangu alipomwamkia mtu, na koo lake lilikuwa limesahau njia. Aligeuka kushoto, hakuona mtu. Akageuka kulia, kabati likajikaza lisikohoe.

"Shikamoo," alinong'ona.

Mtoto akapiga chafya.

"Ameitikia?"

"Ameitikia, baba. Keti unywe chai, inapoa."

Rais akaketi kwenye kiti cha Penina. Alikunywa funda moja, akala kitumbua, akakuta kingine chini ya kisosi, akakila nacho bila kuuliza. Mzee yule alikuwa amekonda, na Bi Kidawa aliliona hilo mapema kabla hajaona nishani zake.

"Nina kijana wangu kule nje," Rais alisema, akiitazama chai. "Mwezi wa sita huu hajaniamkia. Ile barabara yenye jina lake nimeipa jina la mbwa wangu."

"Barabara hubadilishwa tena, baba."

Rais akamaliza chai yake. Kisha akatia mkono ndani ya koti, akatoa simu, akaisogeza mezani taratibu, kama mtoto anayemwonyesha mwalimu daftari lenye makosa.

"Basi nionyeshe, mama," alisema. "Mtu anaanzaje?"